Jina Langu katika Daftari la Sheha

Jumatatu, 20 Januari

Naanza leo, na naahidi kuandika kila kitu, hata yatakayonitia aibu. Mwalimu Nasra wa Kiswahili ametuambia kwamba msemaji asiyejua mwenyewe anachofikiri hamshawishi mtu. Basi nitafikiri humu.

Pampu ya jengo imekufa tena. Nimepandisha ndoo nne mpaka ghorofa ya tano kabla ya skuli. Khaloo amenisubiri mlangoni na chai. Khaloo Mize ni dada mkubwa wa mama yangu. Hakujaaliwa mtoto. Alinichukua kutoka Matemwe nikiwa na miaka sita, na hapa Michenzani ndipo nilipokulia. Anafundisha watoto wa maandalizi na ananisahihisha kila nikifungua mdomo.

Matokeo ya Kidato cha Pili yametoka. Nimefaulu. Ila ile skuli ya bweni ya sayansi, ya wasichana, nimeikosa kwa alama tatu. Ilham ameikosa kwa alama moja. Tulikaa kwenye ngazi za maabara. Maabara yetu imefungwa tangu dari lilipoanguka. Nimesoma kemia miaka miwili sijashika hata chupa. Kule wanashika.

Nimelia chooni. Kidogo.

Jumanne, 21 Januari

Mwalimu Nasra amepanga mdahalo wa Alhamisi ya wiki ijayo. Mada: nafasi za upendeleo katika skuli na katika kazi ziendelee. Amegawa pande mwenyewe. Mimi naunga mkono. Ilham anapinga. Darasa zima limepiga makofi kwa sababu wanajua hatuachani.

Mada haikutoka hewani. Ile skuli ya bweni imetenga nafasi za shamba, za wasichana wa vijijini. Kila shehia ya shamba inapeleka msichana mmoja, awe amefaulu, hata kama hakufika alama za wa mjini. Anatakiwa jina lake liwe katika daftari la wakaazi la sheha, kiongozi wa shehia ya kwao, na sheha ampe barua yenye muhuri. Barua moja kwa shehia. Fomu zinafungwa Ijumaa, tarehe 7 Februari.

Wasichana wa darasani wamekasirika. Rukia kasema, "Na sisi wa mjini tupate nafasi za wabeba ndoo." Wamecheka wote. Nami nimecheka.

Nimeandika hoja tatu. Ya kwanza ni skuli ya dada yangu Kazija kule Matemwe. Ameniambia wanasoma fizikia wanapopata mwalimu, na mwaka jana walimpata kwa muhula mmoja. Hoja ni nzuri. Naiamini.

Alhamisi, 23 Januari

Nimerudi skuli nikamkuta Khaloo amekaa juu ya kitanda changu. Si kawaida yake. Cheti changu cha kuzaliwa alikuwa amekifungua mapajani.

Kumbe jina langu halijawahi kuhamishwa. Miaka kumi niko hapa, na katika daftari la sheha wa Matemwe mimi bado ni mtu wa nyumba ya Mama. Khaloo amepiga simu kuuliza. Lipo.

"Zuwena, wewe ni wa shamba mwanangu," kasema, na akacheka kama msichana. "Wa shamba kabisa, mwenye alama za mjini!"

Nimefurahi. Naandika kwa sababu nimeahidi. Nimeiona maabara. Nimeliona na koti jeupe.

Sikumuuliza Khaloo kama Kazija amefaulu. Swali lilikuja mpaka kwenye ulimi, nikalimeza. Kazija ni mkubwa wangu kwa mwaka mmoja lakini alichelewa kuanza skuli, tumefanya mtihani mmoja. Sikuuliza.

Jumamosi, 25 Januari

Nimekwenda kwa kina Ilham, Mkunazini, tujizoeze. Tulikubaliana kila mmoja amsikilize mwenzake bila ya kununa. Bibi yake alikuwa ukumbini anashona kofia. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu, kaa. Mnagombana nini leo?"

Ilham akamweleza mada. Bibi hakuinua macho kwenye sindano.

"Sie tulikwishayaona hayo," kasema. Akatuhadithia. Alipokuwa wa umri wetu, baada ya Mapinduzi, nafasi za sekondari ziligaiwa kwa asili ya mtu. Yeye alikuwa wa pili darasani. Alikwenda kusoma orodha ukutani, jina lake halimo. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba Waarabu nafasi zao zimejaa. Baba yake aliwahi kuwa na mashamba ya karafuu, lakini wakati huo hayapo tena, na yeye alikuwa na jozi moja ya viatu. "Nilimwambia mwalimu, mimi sikumnyang'anya mtu kitu. Nina miaka kumi na tano. Akaniambia najua, mwanangu. Basi. Nikarudi, nikashika sindano."

Hakulia. Alikata uzi kwa meno.

Ilham kamuuliza, "Kwa hivyo Bibi, ndiyo hazifai?"

"Mimi sijui zinafaa au hazifai. Nakwambia mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale ukutani."

Kisha akanitazama. "Na wewe, Zuwena, kwenu hasa ni wapi?"

Nikasema Matemwe. Ilham akageuza shingo haraka. Miaka yote hii hajapata kunisikia nikisema hivyo. Huwa nasema Michenzani.

Jumapili, 26 Januari

Siku mbaya. Nitaiandika kwa mpango.

Tumefika Matemwe saa nne, mimi na Khaloo. Maji ya bahari yalikuwa yametoka. Mama na Kazija walikuwa wanarudi pwani na magunia ya mwani, wamelowa mpaka kifuani. Kazija alitua gunia akanishika mkono. Viganja vyake vimechubuka, vidole vimekuwa vyeupe kwa chumvi. Kaniuliza, "Na wewe umeitwa?"

Hapo nikajua.

Kazija amefaulu. Pungufu yangu kwa alama kumi na moja, lakini kiwango cha shamba amekipita. Alikwenda kwa sheha tangu Ijumaa. Sheha akamwambia subiri mpaka Jumapili, kuna mwengine kaulizia. Hakumwambia nani.

Barazani kwa sheha tulikaa wanawake watano: Mama, Khaloo, Kazija, mimi, na mke wa sheha aliyeleta kahawa. Baba alikuwa kazini hotelini. Sheha si mtu mbaya. Amevaa miwani, akafungua daftari, akapitisha kidole. Nyumba ya Mama. Watoto. Kazija. Zuwena. Wote wawili wapo, mmoja chini ya mwengine.

Mama kasema, taratibu, kwamba mimi nakaa mjini.

"Bi Saada," sheha kamjibu, "daftari langu halijui nani kalala wapi. Linajua majina. Wawili wakiwa ndani, nampa mwenye alama zaidi. Nikifanya vyengine kesho wataniita mpendeleaji."

Akaniandikia barua. Akagonga muhuri. Sauti ya muhuri imenibaki masikioni.

Khaloo aliuliza tulipotoka, kwa kutaka tu kuondosha kimya, ilikuwaje miaka kumi jina lisihamishwe. Mama alisimama njiani. Kasema Khaloo alimkumbusha mara tatu, na kila mara yeye alivaa buibui kwenda kwa sheha, akafika nusu ya njia, akarudi. "Mtoto nilikupa umlee, dada. Sikukupa jina lake. Nikilifuta nyumbani kwangu n'takuwa nimebaki na nini?"

Sikuwahi kujua. Nilidhani amesahau tu.

Kazija alinisindikiza mpaka barabarani. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Kasema, "Mara ya kwanza walikuja wakachagua, wakakuchukua wewe. Leo wamekuja tena." Akarudi zake kuanika mwani.

Jumanne, 28 Januari

Barua imo ndani ya msahafu wangu wa juzuu, Khaloo ndiye aliyeiweka. Sijaifungua juzuu tangu Jumapili. Dhambi nyengine.

Sili. Khaloo anadhani ni wasiwasi wa mdahalo.

Nimejaribu kujitetea kwa maandishi, kama Mwalimu Nasra anavyotufundisha. Nimezaliwa Matemwe: kweli. Jina langu limo: kweli. Sikudanganya mtu. Alama zangu ni kubwa zaidi: kweli. Kila sentensi ni kweli na jumla yake ni uongo. Sijui kosa liko mstari gani.

Nimejaribu na upande wa pili. Nina mwalimu wa kemia. Nina taa. Nina Khaloo anayenisahihisha. Kazija anapotoka skuli anaingia baharini. Ningekuwa mimi kule na yeye hapa, nani angepungukiwa na alama kumi na moja?

Ilham kaniuliza nina nini. Nimesema kichwa.

Alhamisi, 30 Januari

Mdahalo umekwisha. Upande wangu umeshinda kwa mikono iliyonyooshwa. Natamani tungeshindwa.

Nilianza vizuri. Nilizungumza habari za baba yangu bila ya kusema ni baba yangu. Hoteli ilipojengwa iliahidi kutenga kazi kwa wanakijiji, na kweli wamepewa: bustani, kufua, kulinda lango. Mezani pa kupokea wageni hakuna hata mmoja wao, kwa sababu pale panataka vyeti, na vyeti vinataka skuli. Nikasema, basi sehemu ya kijiji ianzie darasani, isiishie kwenye mpira wa kumwagilia bustani. Watu wakapiga meza. Rukia kapiga kelele, "Huyo!"

Nikasema nafasi hizi ni za msichana anayetoka kuvuna mwani, anafungua kitabu na vidole vyenye chumvi. Hapo sauti yangu ikatetemeka na wakadhani ni ufundi.

Ilham alisimama kujibu. Alimtaja bibi yake bila ya jina. Kisha kasema, "Msemaji anatuelezea msichana mwenye chumvi vidoleni. Mimi sina ugomvi na huyo. Nataka kujua nani anahakikisha kwamba nafasi imemfika yeye? Anayegawa anaangalia mikono, au anaangalia karatasi? Bibi yangu waliangalia karatasi yake. Viatu vyake hawakuviangalia."

Alinitazama akisubiri jibu. Ni zamu yangu, nina dakika mbili. Nilisema kitu juu ya kuimarisha utaratibu. Maneno ya redio.

Hakuwa anajua habari ya barua. Ameuliza kwa sababu ni swali zuri. Hilo ndilo lililoniumiza.

Ijumaa, 31 Januari

Nimemwambia Ilham. Kwenye ngazi zile zile za maabara, kabla ya kengele ya Ijumaa. Barua, daftari, Kazija, yote.

Kisha kacheka, cheko baya. "Haya, na mimi nikatafute shamba. Maana letu walishalichukua."

Nilimwambia sikuomba mimi.

"Hukuomba, ila umepokea." Akaanza kukusanya vitabu vyake, vingine vikamwanguka. Sikuthubutu kumwokotea. "Mimi nimekuzidi alama, nimekosa. Dada yako umemzidi wewe, kakosa. Yaani Zuwena, kila upande unaopimwa unatokea wewe. Na jana nimekusikiliza vile, nilikuwa nishaanza kukukubali!"

Ameondoka. Wallahi sijawahi kumwona akitembea haraka vile.

Nina hasira naye. Nina hasira na sheha. Nina hasira na Mama kwa kurudi nusu ya njia mara tatu, na hiyo ni hasira ya kishetani, kwa sababu alirudi kwa kunipenda.

Jumapili, 2 Februari

Nimeamua. Ukiandika kitu kinakuwa kizito, kwa hiyo naandika. Nimeamua.

Kurudisha barua peke yake hakutoshi. Nimempigia sheha mwenyewe. Kasema jina langu likiwamo, mwenye alama zaidi ni mimi, na yeye hawezi kumpa wa pili nikiwa mimi nipo. Labda nihamishwe. Nikihamishwa Michenzani, Matemwe anabaki Kazija. Lakini nyumba imeandikwa kwa Mama. Mama ndiye wa kusema mbele ya sheha kwamba huyu si mkaazi wangu tena.

Kwa hiyo natakiwa nimwombe Mama afanye lile alilolikataa miaka kumi.

Nimempigia baada ya adhuhuri. Nimemweleza. Nilisikia kuku, nikasikia mtu anatwanga, sikumsikia yeye. Mwisho kasema, "Umekula?" Nikasema nshakula. Kasema, "Haya." Akakata.

Sijui hiyo ni ndiyo au ni hapana.

Jumatatu, 3 Februari

Khaloo amejua. Nimemwambia mwenyewe, wakati anakuna nazi. Aliweka mbuzi pembeni akanawa mikono polepole.

"Unajua nimekuleta mjini kwa sababu gani?"

"Nisome, Khaloo."

"Na leo unakwenda kukataa kusoma. Kwa hisani! Mtu anatoa hisani akiwa na cha kutoa, Zuwena. Wewe una nini?"

Nilikuwa na jibu lakini lingekuwa ufidhuli. Jibu ni kwamba nina yeye. Kazija hana Khaloo.

Hatukula pamoja. Miaka kumi, mara ya kwanza.

Naogopa. Si kumwogopa yeye. Naogopa kwamba mwakani nitakuwa Kidato cha Nne katika skuli yenye maabara iliyofungwa, na nitaikumbuka wiki hii na kujiita mjinga. Huenda. Siwezi kuahidi kwamba sitajuta.

Fomu zinafungwa Ijumaa.

Jumanne, 4 Februari

Mama hajapiga. Nimemtumia ujumbe. Hajajibu. Ilham anakaa dawati la mbele na Rukia.

Pampu imetengenezwa. Hakuna aliyefurahi nyumbani.

Jumatano, 5 Februari

Alfajiri nimemkuta Khaloo amevaa. Buibui, mkoba, viatu vya safari. Kasema, "Mtoto wa skuli hendi kwa sheha peke yake kama asiye na watu." Akatangulia kushuka ngazi, tukaenda Matemwe.

Mama alikuwa barazani kwa sheha kabla yetu. Alikuwa amevaa kanga mpya, jozi ya sikukuu. Kazija amekaa pembeni yake, uso chini. Nikawaamkia wakubwa wote.

Sheha kafungua daftari. Kamuuliza Mama kama anakubali kwamba Zuwena ni mkaazi wa Michenzani, kwa mlezi wake. Mama kasema, "Naam." Mara ya kwanza haikusikika, ikabidi arudie. Sheha kaweka rula chini ya jina langu, kwa uangalifu, akalipiga mstari kwa kalamu nyekundu. Akaandika pembeni: amehama. Akamgeuzia Mama atie saini. Mama anajua kuandika. Ilimchukua muda.

Khaloo ndiye aliyelia. Mimi sikulia. Nilikuwa nautazama mstari.

Barua yangu nimeirudisha, sheha kaichana mbele yetu, kaandika ya Kazija, kagonga muhuri. Kazija akaipokea kwa mikono miwili. Nilisubiri, na hili linanitia aibu kuliko yote, nilisubiri ashukuru.

Alinivuta kando, penye kivuli cha ukuta. "Nnaichukua kwa sababu ni yangu," kasema. "Si kwa sababu umenipa. Tusije tukaja kuzeeka unanikumbusha."

Nikamwambia sitamkumbusha.

"Apa."

Nikaapa. Ndipo akaniuliza moli ya kemia ni nini hasa, maana kwenye mtihani alikisia. Tukakaa chini, nikamchorea kwa kijiti. Nimemweleza vibaya. Mimi mwenyewe naijua ya kwenye kitabu tu.

Ijumaa, 7 Februari

Kazija na Baba wamekuja mjini asubuhi. Baba aliomba ruhusa bustanini. Fomu imepokelewa saa tatu. Kazija kanipigia kwa simu ya Baba kuniambia tu, "Imeingia," akakata kama Mama.

Skuli, Ilham kaweka kitabu chake cha mitihani iliyopita juu ya dawati langu. Ndani ameandika kwa penseli: mpaka Jumatatu, usikunje. Nimeona baada ya mtihani wa Kidato cha Nne kuna njia nyengine ya kuingia skuli ile, kwa alama tupu. Naye lazima ameiona.

Hajarudi kukaa nami. Nimekipokea kitabu.

Jumapili, 9 Februari

Siku ya kimya. Nimefua, nimepiga pasi sare, nimefanya karatasi moja ya kitabu cha Ilham na nimekosa maswali mengi. Khaloo ameisahihisha kwa kalamu ya kijani ingawa kemia haijui. Amesahihisha herufi kubwa na nukta. Tumekula pamoja.

Nimejiuliza tena mada ya Mwalimu Nasra. Bado naziamini nafasi za shamba. Kazija hakuchukua kitu cha mtu. Na bado namwona Bibi yake Ilham, msichana mwenye jozi moja ya viatu, anasoma orodha mara ya pili na ya tatu kama jina lingetokea. Yote mawili yamo ndani yangu na hayakai kitako. Nitamwambia Mwalimu Nasra kwamba sijamaliza kufikiri.

Kesho asubuhi Khaloo ananipeleka kwa sheha wa hapa, akaniandike. Nitakuwa wa Michenzani kwa maandishi. Tangu Jumatano nipo katikati, siko kwenye daftari la mtu yeyote. Nilidhani sitalihisi.

Nimemwandikia Mama ujumbe. Nimeuandika mara nne, nikapunguza maneno. Naunakili hapa kama nilivyoutuma saa kumi na nusu, na simu nimeiweka juu ya daftari hili nisiache kuiona.

Mama, shikamoo. Mwezi wa Ramadhani ukiingia nataka nije nifunge nanyi siku za mwanzo. Naomba unijibu leo leo: nitandikiwe chumba cha wageni, au nitalala na Kazija pale pale pangu?